Ukibonyeza nyota na reli, ombi lako linakwenda wapi? Maarifa kwa anayetaka kuwa meneja wa bidhaa za simu

Tangu tulipozungumzia kazi za kidijitali katika kipindi cha jioni, ujumbe umekuwa ukiingia, na mwingi unauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, asiyejua kuandika programu za kompyuta, anaweza kuwa meneja wa bidhaa? Wengine wameambiwa lazima walipie kwanza kozi ya kuandika programu. Wengine wameambiwa kinyume chake, kwamba kazi hii ni ya maneno tu, ukijua kuongea umeipata. Tunawaandikia hao, na pia yeyote anayelipia umeme, maji au ada kwa simu na angependa kujua kwa nini wakati mwingine pesa hukatwa na huduma isifike.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Bidhaa tunayoizungumzia si sabuni wala unga. Ni huduma inayokaa ndani ya simu au kompyuta: menyu ya kutuma pesa, programu ya kuuza mazao, mfumo wa kulipia maji, ujumbe wa kumkumbusha mama mjamzito siku ya kliniki. Meneja wa bidhaa ndiye anayeamua kitu gani kijengwe kwanza, kijengwe kwa ajili ya nani, na kipi kiachwe. Haandiki programu yeye mwenyewe, hachori zile picha za kwenye skrini, wala hauzi. Anakaa katikati ya wanaoandika, wanaochora na wanaouza, akimtazama mtu aliye mbali mwenye simu mkononi.

Ukitaka mfano wa karibu, fikiria mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati ya kijiji. Hapangi tofali. Lakini kama hajui kwamba zege linahitaji kumwagiwa maji siku kadhaa ili likomae, fundi akimwambia "tumemaliza, kesho tunapandisha ukuta" atakubali. Kama hajui ndoo ngapi za mchanga huenda na mfuko mmoja wa saruji, hatajua saruji imeishia wapi. Anahitaji ujuzi wa kumwezesha kuuliza swali linalofaa na kuelewa jibu. Kwa meneja wa bidhaa ni hivyohivyo, na kwa maoni yetu ujuzi huo una kiini kimoja, yaani kuijua safari ya ombi. Mtu akibonyeza, ombi lake linapita wapi, linaweza kukwama wapi, na likikwama nani anaumia?

Tutatumia mfano ambao karibu kila msikilizaji ameushika kwa mkono wake, kutuma pesa kwa simu.

Majaribio ya Thika

M-Pesa ilizinduliwa Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Lakini kabla ya uzinduzi yalikuwapo majaribio, na anayeitaka kazi hii angefaa kuyajua. Oktoba 2005, watu wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza, akiwamo Nick Hughes na Susie Lonie, walianza kuujaribu mfumo huo Nairobi na Thika wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu. Sehemu ya gharama ililipwa na serikali ya Uingereza kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa. Wakati huo hawakulenga kutuma pesa nyumbani. Walitaka mtu aliyekopa aweze kurejesha mkopo kwa simu badala ya kubeba noti mpaka kwenye kikao cha kikundi.

Wateja wa majaribio walikuwa mia chache tu, na hawakukawia kufanya mambo ambayo hayakuwamo kwenye mpango. Kuna waliolipiana mikopo kama malipo ya kazi waliyofanyiana. Wengine walinunua salio na kulituma kwa ndugu aliye mbali. Wenye biashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, maana benki ilikuwa imeshafungwa na kulala na pesa dukani si salama. Wapo pia waliokuwa wakisafiri. Waliweka pesa kwa wakala wa upande mmoja na kuitoa upande wa pili, ili wasitembee na noti njiani. Na huku nyuma, taasisi ya mikopo ikapata kazi ya ziada, kwa kuwa vitabu vyake na mfumo mpya havikuoana kirahisi.

Bidhaa iliyozinduliwa 2007 ikawa nyingine. Unaweka, unatuma, unatoa, unanunua salio. Marejesho ya mikopo yakawekwa kando.

Walijuaje? Kwa njia mbili, na zote ni za lazima. Mfumo uliandika kila muamala, nani katuma, kwa nani, saa ngapi, kiasi gani. Halafu wakatoka ofisini wakaenda kuwauliza watu. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kwamba mtu ameweka pesa saa moja usiku na kuitoa saa mbili asubuhi. Hazisemi kwamba anaogopa wezi, hilo utaambiwa na yeye mwenyewe. Meneja anayesoma tarakimu bila kwenda sokoni atakisia sababu, na anayekwenda sokoni bila kusoma tarakimu ataamini maneno ya watu watano wa kwanza aliokutana nao.

Menyu inakaa wapi?

Vijana wengi wenye wazo zuri hutuandikia hivi: "Nataka kutengeneza app ya wakulima." Swali la kwanza la kiufundi ambalo meneja angewauliza ni hili: hiyo menyu itakaa wapi? Jibu lake ndilo linaloamua nani ataweza kuitumia, gharama itamwangukia nani, na itachukua muda gani kurekebisha kosa.

Kuna menyu inayokaa kwenye laini yenyewe. M-Pesa ya Kenya ilianza hivyo. Mteja alihitaji laini yenye menyu hiyo ndani, na aliyekuwa na laini ya zamani alibadilishiwa. Uzuri wake ni kwamba ilifanya kazi kwenye kitochi cha bei ya chini kabisa, bila bando, na namba ya siri ilifungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya laini kabla ya kusafiri. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kubadilisha menyu, inabidi uzifikie laini zote zilizokwisha kuingia mifukoni mwa watu.

Kuna menyu ya nyota na reli, ile ambayo wataalamu huiita USSD. Ukibonyeza *150*00# hakuna kitu kinachofunguka ndani ya simu yako. Simu inafungua njia mpaka kwenye mitambo ya kampuni, na menyu unayoiona imeandikwa huko. Ni kama simu ya kuongea, njia inabaki wazi wakati wewe unachagua 1 au 4, na mkimaliza inakatwa. Kwa sababu hiyo kampuni inaweza kubadilisha menyu leo usiku na kesho asubuhi nchi nzima ikaiona. Haihitaji bando wala simu janja.

Lakini njia hiyo ina masharti magumu. Ukurasa mmoja wa USSD hubeba herufi 182 tu, nafasi zikiwamo. Njia huachwa wazi kwa muda mfupi, kisha mtandao unaikata. Mtandao ukiyumba, imekwisha, unaanza upya. Sasa mfikirie bibi anayemwita mjukuu amsomee, au mzee anayetafuta miwani. Muda unapita. Ndiyo maana meneja anayejua kazi yake huhesabu hatua za menyu kama mkulima anavyohesabu mbegu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katika kila hatua ya menyu, watu 5 kati ya 100 wanakwama au kukata tamaa. Menyu ikiwa na hatua 4, watu 100 walioanza watafika mwisho 81. Ikiwa na hatua 8, watafika 66. Hakuna aliyefanya kosa kubwa mahali popote, na bado theluthi moja ya watu wamepotea. Mtu wa mauzo akija na ombi la kuongeza ukurasa mmoja wa tangazo katikati ya menyu, meneja awe na hesabu hii mkononi.

Tatu ni programu ya kwenye simu janja, ile inayoitwa app. Inakaa ndani ya simu ya mteja. Inaweza kuonyesha picha ya jani lenye ugonjwa, inaweza kuhifadhi taarifa pale ambapo hakuna mtandao na kuzituma baadaye, na ina nafasi ya kutosha ya maandishi. Lakini mteja anaipakua kwa bando lake mwenyewe, na kila toleo jipya ni bando jingine. Wengi hawasasishi. Kwa hiyo miongoni mwa wateja wako kutakuwa na wenye toleo la wiki hii, la miezi sita iliyopita, na la mwaka juzi, wote wakibisha hodi kwenye seva ileile. Wataalamu wakikwambia wanataka kubadilisha kitu kwenye seva, swali lako liwe: mwenye toleo la zamani atapata nini? Ukiona wanatazamana, umeuliza vizuri.

Ya nne ni ujumbe mfupi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi, mtandao unaugawa vipande na kumtoza mtumaji kwa kila kipande. Wengi wanajua hivyo. Wasichojua ni kwamba zile 160 ni kwa herufi za kawaida tu. Ukiweka kapicha kamoja ka uso unaocheka, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa kuandika, na nafasi inashuka mpaka herufi 70.

Na si lazima kiwe kipicha. Kile kialama cha juu katika neno ng'ombe, kikiwa kimenyooka, hakina shida. Lakini ukiandika ujumbe kwenye kompyuta, programu nyingi za kuandikia hukipindisha zenyewe ili kipendeze, na kile kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida. Baadhi ya mitambo ya kutuma ujumbe hurekebisha yenyewe, si yote. Basi chukua ushirika wenye wafugaji 10,000 unaotuma ujumbe wa herufi 150 kuhusu chanjo ya ng'ombe. Ukiandikwa vizuri ni ujumbe 10,000. Ukiwa na kialama kimoja kilichopinda, kila mfugaji anatumiwa vipande 3, na bili inakuja ya ujumbe 30,000. Hapo hakuna mtu aliyeiba. Meneja anayelijua hili ameuokolea ushirika pesa kabla hajaandika mstari hata mmoja wa programu.

Jambo la mwisho kuhusu ujumbe mfupi ni kwamba simu ikiwa imezimwa, ujumbe unasubiri kwenye kituo cha mtandao na kufika baadaye, pengine kesho yake chaji ikipatikana. Kwa hiyo unafaa kwa risiti na ukumbusho, haufai kwa mazungumzo ya papo kwa papo. Tena uandikwe kwa namna ambayo mteja ataweza kuutofautisha na wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Pesa imekatwa, huduma haijafika

Sasa tuifuate safari yenyewe. Unalipia umeme wa LUKU kwa simu. Ombi linatoka kwenye simu yako, linapita mnara, linafika kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Mfumo wa pesa unakagua namba ya siri na salio. Halafu unauliza mfumo mwingine kabisa, wa wauza umeme, ambao hauko kwenye jengo hilo wala si wa kampuni hiyo: mita hii ipo? Nimepokea kiasi hiki, nipe tokeni. Mfumo huo unarudisha tarakimu 20, na kampuni ya simu inakutumia kwa ujumbe.

Pale mifumo miwili inapoongea ndipo penye kitu kinachoitwa API. Neno linatisha bure. Ni dirisha la kuhudumia, kama la ofisi ya posta. Kuna vitu unaruhusiwa kuuliza, kuna namna ya kuuliza, na kuna majibu ya aina fulani. Huingii ndani. Safaricom ilipofungua dirisha lake la M-Pesa kwa waandishi wa programu wa nje mwaka 2017, ilitumia jina la Kiswahili, Daraja, na hatudhani lingepatikana jina bora. Serikali ya Tanzania nayo ina mfumo wake wa malipo, ule unaotoa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mitaani tunaiita kontroli namba. Namba hiyo ndiyo inayowezesha benki, kampuni za simu na taasisi za serikali kuelewana kwamba malipo haya ni ya nani na ya nini.

Meneja hahitaji kujenga dirisha hilo. Lakini lazima aweze kusoma maelekezo yake kwa kiasi cha kujua nini kinaulizwa, nini kinarudi, na nini kinatokea jibu lisiporudi.

Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote katika makala haya. Ombi limetoka, limefika kwa mwenzio, ameshalifanyia kazi, lakini jibu limepotea njiani kwa sababu mtandao umekatika. Kwa upande wako, hali hiyo inafanana kabisa na ile ambayo ombi halikufika. Huwezi kuzitofautisha.

Ni kama mama anayemtuma mtoto dukani na karatasi: "Mpe kilo mbili za sukari, nitalipa Jumamosi." Mtoto anachelewa. Mama hajui kama amefika dukani au amepitia mpirani. Anamtuma wa pili na karatasi ileile. Kama mwenye duka haangalii, atatoa kilo nne, na Jumamosi kutakuwa na ugomvi. Lakini kama mama ameandika juu ya karatasi "namba 17", na mwenye duka ameweka kumbukumbu, atamwambia mtoto wa pili: namba 17 nimeshaitoa, nenda nyumbani. Mama anaweza kutuma hata watoto sita, sukari itabaki kilo mbili.

Mifumo mizuri ya malipo hufanya hivyohivyo. Kila ombi hupewa namba yake ya pekee kabla halijaondoka, na likirudiwa linarudiwa na namba ileile. Kuandika programu inayofanya hivyo ni kazi ya wataalamu. Kuuliza "mteja akibonyeza mara mbili inakuwaje?" ni kazi ya meneja. Na aulize mapema, kabla ya kujenga, maana kuingiza jambo hili kwenye mfumo uliokwisha kuanza kutumika ni kama kuweka msingi chini ya nyumba yenye watu.

Kuna na sehemu yake ya maneno. Anayeanza kazi hii huandika ujumbe wa aina mbili: malipo yamefanikiwa, malipo yameshindikana. Anasahau hali ya tatu, haijajulikana. Mfumo ambao haujapata jibu ukimwambia mteja "yameshindikana", mteja atalipa tena, na pengine ya kwanza ilikuwa imepita. Ujumbe wa kweli katika hali hiyo ni kama huu: "Malipo yako bado yanashughulikiwa. Usilipe tena. Utapata ujumbe." Kisha mfumo uwe na utaratibu wa kuendelea kuuliza upande wa pili mpaka jibu lipatikane, na vitabu vya pande zote mbili vilinganishwe kila siku ili kinachoning'inia kionekane. Kwa mtu mwenye shilingi 5,000 ya mwisho kwenye simu, na giza limeingia, ujumbe huo mmoja una uzito kuliko rangi zote za kwenye skrini.

Umbali nao una gharama. Kwa miaka mingi mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake pesa, taarifa ilikwenda Ulaya na kurudi. Mwaka 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya. Meneja hatachagua nyaya, lakini ajue seva yake iko wapi na kama njia ya kuifikia ni moja tu.

Tuongeze pia kwamba si kila kikwazo kinachoonekana cha mitambo ni cha mitambo. Wakumbuke wasikilizaji wetu enzi za kutuma pesa mtandao mwingine Tanzania. Mpokeaji alipata ujumbe wenye namba, akaenda nao kwa wakala wa mtandao wa mtumaji kutoa pesa yote. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana pesa iingie moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji, na Vodacom ikajiunga 2016. Kilichochukua muda zaidi ni kuelewana, nani anamlipa nani, kiasi gani, na kosa likitokea nani anabeba.

Jina la mpokeaji

Tatizo jingine linalojulikana ni kukosea tarakimu moja na pesa kwenda kwa mgeni. Kenya, Safaricom ilileta Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha. Siku hizi kuonyeshwa jina ni jambo la kawaida, na wengi wameepuka hasara kwa sababu yake.

Mtazame meneja anavyolipima jambo hilo. Kuonyesha jina ni hatua moja zaidi kwenye menyu ambayo tumeshaona muda wake ni mfupi. Ni ombi moja zaidi kwa kanzidata kwa kila muamala. Halafu kuna hili ambalo halionekani haraka, kwamba mtu yeyote mwenye namba yako sasa anaweza kuanza muamala, akasoma jina lako, akausitisha. Kinachomlinda mtumaji kimemfunua mpokeaji kidogo. Sisi tunaona faida ni kubwa kuliko hasara, lakini tunaelewa atakayeona vingine, hasa mwanamke anayesumbuliwa na mtu asiyemfahamu.

Na hapo sheria inaingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Meneja asisubiri mwanasheria amshtue. Kabla ya kuongeza swali lolote kwenye fomu, iwe tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho au mahali mtu alipo, ajiulize taarifa hiyo itatumika kufanyia nini, itakaa wapi, na nani ataiona. Kama hakuna jibu, swali liondolewe. Menyu nayo itakuwa fupi.

Basi tujifunze nini?

Turudi kwa walioambiwa walipie kozi. Kujua kuandika programu hakudhuru, na ukipata nafasi jaribu walau kidogo, utawaheshimu zaidi wanaoifanya kazi hiyo. Lakini kama una pesa kidogo na simu moja, tusingeanza hapo.

Tungeanza na jedwali la hesabu, lile la safu na mistari, ambalo linapatikana bure hata kwenye simu janja. Jifunze kupanga, kuchuja na kujumlisha. Chukua mauzo ya duka la mjomba ya mwezi mmoja, uone siku gani anauza nini. Ukishazoea, ingia kwenye SQL, lugha ya kuuliza maswali kanzidata. Si lugha ya kujengea programu kubwa. Ni ya kuuliza: nipe idadi ya watu walioanza menyu wiki iliyopita, niwagawe kwa hatua waliyoishia. Maneno yake ya msingi ni machache, na meneja anayeweza kujiulizia mwenyewe hasubiri siku tatu mtaalamu apate nafasi.

Kisha soma maelekezo ya API. Kampuni nyingi huyaweka wazi kwenye intaneti. Yameandikwa kwa Kiingereza, kweli, na mara ya kwanza utaelewa robo. Tafuta sehemu inayoeleza makosa, kwa sababu orodha ya makosa inakuambia mfumo unaweza kukwama kwa njia ngapi.

Na lipo zoezi ambalo halihitaji hata bando. Chukua kaunta buku na kalamu. Fungua menyu yoyote ya nyota na reli unayoitumia, uchore kila ukurasa kama kisanduku, na mishale ya kutoka kimoja kwenda kingine. Ukifika kwenye namba ya siri, acha, usiiandike popote. Hesabu hatua na herufi za kila kisanduku. Kisha mpe simu mtu mzima asiyeizoea menyu hiyo, mwambie akuonyeshe anavyonunua salio, na wewe unyamaze. Pale anaposita, weka nukta nyekundu. Pale anaporudi nyuma, weka mbili. Na pale ambapo, kama mtandao ungekatika, asingejua pesa imeondoka au haijaondoka, chora duara.

Atakayelifanya zoezi hili apige picha ukurasa wake na kututumia kwa namba ileile ya kutumia salamu, bila jina la mtu wala namba ya simu ndani yake. Tutachagua kurasa tatu na kuzichambua hewani pamoja na fundi mitambo wa studio, tukianzia na zenye maduara mengi.